Siku tatu rasi ya Kigomasha, Pemba: tuanzie wapi?

Msomaji wetu wa Morogoro ameuliza hivi: "Agosti tunakwenda Wete kwenye harusi ya shemeji yangu. Baada ya harusi tutakuwa na siku tatu za mapumziko: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 8 na 13, na mama mkwe ambaye ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Tumeshauriwa twende Kigomasha, lakini jamaa zetu wa hapo hapo Wete wanasema kule kuna msitu na mchanga tu, tutachoka siku ya kwanza. Watoto hawajui kuogelea sawasawa. Je, kuna mambo ya kutujazia siku tatu, au tupande boti turudi Unguja, tukamalizie Nungwi?"

Dada yangu, nendeni Kigomasha. Kazi yangu ni kutembeza wageni upande huu wa Micheweni, na maneno ya jamaa zako nayasikia kila msimu. Siwalaumu. Mtu anayeondoka Wete baada ya chakula cha mchana, akafika pwani jua liko utosini na maji yamepwa, hakuti ila mchanga unaochoma miguu. Akipita msituni saa nane, ndege wamenyamaza na wanyama wamelala. Anarudi nyumbani kabla ya jioni na kusema hakuna kitu. Mtu huyo huyo angelala usiku mmoja kwenye rasi, akaamka alfajiri, angesimulia mengine kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu inahusu saa za kuwa mahali fulani, maana mahali penyewe mtapajua kwa nusu siku.

Kwanza uijue sura ya sehemu yenyewe. Kigomasha ndiyo ncha ya Pemba upande wa kaskazini magharibi. Mkitoka Wete mnakwenda Konde, kisha barabara inaingia msitu wa Ngezi, na lango lake liko kilomita kama 5 kutoka Konde mjini. Mkishautoka msitu mnapita shamba la mipira, miti imepangwa mistari mirefu, halafu vijiji vya Makangale, na mwisho wa njia ni mnara wa taa. Kulia, upande wa mashariki, ipo pwani ya Vumawimbi. Kushoto, upande wa magharibi, zipo Verani na Tondooni, na mbele yake kisiwa cha Njao. Rasi ni nyembamba kiasi kwamba mnaweza kulitazama jua likichomoza Vumawimbi na siku hiyo hiyo mkalitazama likizama Verani, tena bila kuhangaika na usafiri mrefu.

Sasa jambo la kwanza kabla hamjaweka nafasi ya kulala: tazameni tarehe ya Kiislamu ya zile siku tatu. Sisemi hivi kwa ajili ya ibada. Bahari ya kwetu inakwenda kwa mwezi, na mwezi ndio utakaowaambia nini kifanyike asubuhi na nini kingoje alasiri. Siku za mwandamo na siku zinazofuata mwezi mpevu, yaani kama tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18, ni siku za bamvua. Maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25 ni maji mafu: bahari haisogei sana, mkondo ni dhaifu, na saa zinageuka, maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Katikati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukijua hayo, hata bila jedwali la bandari, unaweza kuipanga siku yako ukiwa Morogoro.

Siku zenu zikiangukia bamvua, asubuhi ni ya kutembea juu ya mwamba. Maji yakishatoka, inabaki nchi nzima ya madimbwi, majani ya bahari na matumbawe, na hapo ndipo mtoto wa miaka 8 atakapofurahi kuliko kwenye mashine yoyote ya kuchezea. Muonyesheni kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akiwa chini ya maji ya kufika kifundoni. Akingoja bila kumgusa, ataona mikono yake mitano ikijipinda taratibu kuelekea kwenye kivuli. Mtaona kaa wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono wa baharini, samaki wa rangi waliobaki dimbwini wakingoja maji yarudi, na pengine majongoo bahari. Wanawake wa kijiji huwa wako nje saa hizo wakitafuta pweza na chaza. Wasalimieni, muombe kuwafuata nyuma kidogo. Mwanamke mmoja mwenye kijiti anajua kusoma tundu la pweza kwa alama ambazo sisi wengine tunazipita: vigamba vilivyokusanywa mlangoni, mchanga uliosafishwa. Mkifuatana naye kwa nusu saa mkampa ahsante yake, watoto watajifunza mengi. Ila vaeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Matumbawe hukata, na wapo viumbe wa miiba myeusi mirefu ambao mwiba wao ukikatikia mguuni safari ya siku hiyo imekwisha. Saa moja baada ya maji kuanza kujaa, rudini pwani. Juu ya mwamba bapa maji huja upesi kuliko mgeni anavyodhani, na huja pia kwa nyuma, kupitia mikondo iliyo kati yenu na nchi kavu.

Kuogelea kwa watoto wenu kungoje maji yanayojaa. Siku za bamvua ni kuanzia saa nane hivi mchana hadi maji yakamilike. Siku za maji mafu ni asubuhi, na kusema kweli hizo ndizo siku bora zaidi kwa asiyejua kuogelea, kwa sababu mkondo hauna nguvu. Kaeni upande wa Verani. Agosti ni kipindi cha kusi, upepo unatoka kusini mashariki, na upande wa magharibi wa rasi unakingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo maji huwa matulivu kuliko mashariki. Vumawimbi msiikose, ni pwani ndefu ya mchanga mweupe laini iliyopinda, nyuma yake msitu, na siku za kawaida mnaweza kuwa peke yenu na wavuvi wawili watatu wanaotengeneza nyavu. Lakini Agosti iendeeni kwa kutembea, kwa macheo na kwa kuchezea mchanga, na watoto wakiingia majini wasivuke magoti. Kwenye ncha yenyewe, karibu na mnara, asiogelee mtu. Bahari mbili zinakutana hapo, na maji yakishuka huvuta kwa nguvu.

Hapo kwenye ncha ndipo ninapopenda wageni wangu wasimame na kutazama rangi ya maji. Karibu na nchi ni kijani na samawati hafifu, kisha ghafla panakuwa buluu nzito. Ule mstari ni ukingo wa mkondo wa Pemba. Kati ya kisiwa na bara ya Tanga kina kinafika mamia ya mita, mahali pengine kama 800, wakati bahari kati ya Unguja na bara ni ya makumi ya mita tu. Zama za barafu, maji ya dunia yaliposhuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba haikuungana. Imebaki kisiwa muda wote huo, na ndiyo maana haina wanyama wakubwa, na ndiyo maana vilevile ina viumbe ambao hawapatikani kwingine. Mtoto wako wa miaka 13 akiielewa hiyo habari akiwa amesimama pale juu, msitu wa Ngezi atauingia kwa macho mengine.

Mnara wenyewe ni wa chuma, ulijengwa na Waingereza mwaka 1900 na bado unaongoza vyombo. Yupo mlinzi. Mpigieni hodi, mzungumze naye kwa heshima, na kwa kawaida atawaruhusu kupanda mkimpa chochote cha chai. Ngazi za ndani ni nyembamba na zinazunguka, asipande mtu mwenye kizunguzungu, na mtoto mdogo atangulie mbele ya mtu mzima badala ya kufuata nyuma. Agosti inawapa bahati moja zaidi: kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita katika bahari zetu, wakitoka kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Si kila siku wanaonekana. Ila mkiwa juu asubuhi mapema, kabla upepo haujainua vichwa vya mawimbi, kazeni macho nje ya ule mstari wa buluu mtafute moshi mweupe wa pumzi.

Sasa Ngezi, na hapa niruhusu niseme kwa kirefu, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya kuja Kigomasha na ndiyo inayopitwa na wengi dirishani mwa gari.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Karne ya 19 Sayyid Said na matajiri wa Kiomani walieneza mikarafuu visiwani, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Vilima vikafyekwa kimoja baada ya kingine. Ngezi ni kipande kikubwa kilichosalia cha ile Pemba ya kabla ya karafuu. Mkiingia kutoka kwenye jua la Konde mtahisi ngozi inapoa. Juu kuna mivule na miti mingine mikubwa yenye mizizi inayosimama mfano wa kuta, chini kuna kamba za mitambaazi na majani mapana yenye unyevu. Muombeni mwongozaji awaonyeshe mpapindi, aina ya mnazi wa msituni ambao asili yake ni Pemba peke yake. Awaonyeshe pia mgomba pori. Asili ya mgomba huo ni Asia ya Kusini Mashariki, na wataalamu wanauchukua kuwa mojawapo ya dalili kwamba mabaharia wa huko walifika pwani zetu zamani sana. Na mkipata nafasi ya kufika upande wa mchanga, mtashangaa: msitu mrefu unakatika, mnatokea kwenye uwanda wa vichaka vifupi vya majani membamba, ndugu wa vile vinavyoota juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na hapa vinaota karibu na usawa wa bahari.

Ndege wanne ni wa Pemba tu duniani: bundi mdogo, ninga (njiwa wa kijani), chozi (yule mfyonza maua), na kindege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Watatu wa mwisho mnaweza kuwaona mchana bila shida, hata chozi kwenye maua ya nyumba mtakayolala. Bundi ndiye wa usiku. Mkipitia langoni mchana mkawaeleza walinzi kwamba mngependa matembezi ya usiku, wao hupanga mtu wa kuwapeleka. Mnaingia kiza kikishakaa, mnazima tochi, mnasimama. Kwanza husikii kitu. Kisha komba analia juu, kelele ambayo mtoto asiyeambiwa mapema anaweza kuiogopa, kwa hiyo mwambieni. Baadaye inakuja sauti moja fupi, laini, kutoka upande mmoja, kimya kidogo, na nyingine inajibu kutoka upande wa pili. Huyo ndiye bundi wa Pemba. Mwongozaji mzuri hatawamulika bundi machoni kwa tochi kali wala kuwapigia sauti ya simu kuwaita tena na tena. Akifanya hivyo mwambieni aache, mna haki hiyo. Mchana, kama mtabahatika, mtaona paa mdogo wa msituni akivuka njia mara moja, na kima punju, ambao waliletwa hapa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Halafu popo. Usicheke, dada, maana najua wengi wakisikia popo wanafikiria wale wa darini. Popo wa Pemba hula matunda, uso wake ni wa rangi ya kahawia nyekundu, na mbawa zake zikitanuliwa hufika kama mita moja na nusu. Naye hayupo kwingine duniani. Alikuwa kitoweo, akawindwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 akakaribia kutoweka kabisa. Kilichomwokoa ni wanavijiji wenyewe kukubali kuilinda miti wanayolala popo, wakishirikiana na idara ya misitu na wahifadhi, na leo makundi yake ni makubwa tena. Wapo ndani ya Ngezi, ila pa kuwaona kwa urahisi ni Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, ambako kijiji kinapokea wageni. Kwa hiyo waoneni siku ya kuja au siku ya kuondoka, si katika siku zenu za rasi. Alasiri ndiyo saa yake, wanapoanza kujinyoosha na kugombana kabla ya kuruka kwenda kula. Kuna waongozaji wanaopiga makofi ili popo waruke wageni wapige picha. Msikubali. Mnyama aliyeamshwa mchana mara kwa mara huhama, na kijiji kikapoteza alichokilinda.

Kwa kuwa mtakuwa na gari kutoka Wete, tengeni asubuhi moja kwa Tumbe, ambayo iko njiani upande wa Konde. Ni kijiji kikubwa cha wavuvi na mnada wake wa samaki una uhai wa kweli: vyombo vinaingia, samaki wanamwagwa, mnadi anapaza sauti, na bei inapanda kabla hujaelewa nani kasema nini. Hapa tena tazameni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo siku za mwezi mpevu vyombo vingi vya dagaa hupumzika. Siku za kiza mtakuta dagaa wameanikwa eneo zima, na harufu yake mtakwenda nayo hadi Konde. Mkitoka hapo, magofu ya Chwaka, ambayo watu wa hapa wanayaita ya Haruni, yako karibu kwa kutembea katikati ya mashamba. Ni mabaki ya mji wa Waswahili wa kale: msikiti wenye mihrabu yake na makaburi. Hadithi ya wenyeji inasema Haruni alikuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini anayesifika kwa ukatili. Nusu saa inatosha, na mama mkwe anaweza kubaki garini bila kujiona amekosa sana.

Agosti pia ni msimu wa karafuu, kama mwaka ni mzuri. Mtaziona zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba na kando ya barabara, zikigeuka kutoka kijani na uwaridi kuwa kahawia, na jioni familia nzima imekaa barazani ikichambua, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Simameni, salimieni, watoto wajaribu kuchambua. Hakuna atakayewafukuza. Dereva tu aambiwe mapema asipite juu ya jamvi la mtu na asiegeshe upande unaokinga jua, hiyo ni mali ya mwaka mzima.

Kupiga mbizi sitakueleza sana kwa sababu sidhani kama ni safari yenu hii. Wazamiaji wanatoka nchi za mbali kwa ajili ya kuta za matumbawe za Njao na ncha ya rasi, lakini mikondo ya hapo ni ya watu wenye uzoefu. Kuna hata hoteli moja iliyojenga chumba kinachoelea, sehemu yake ya kulala iko chini ya maji. Ni kitu cha kuvutia, na bei yake si ya familia iliyotoka kuchanga harusi. Mnachoweza kufanya ni kukodi dau au boti ndogo Makangale au Tondooni siku ya maji mafu, asubuhi, mkazungukie upande wa Njao, na wale wanaojua kuelea watazame matumbawe kwa miwani ya maji. Upande wote huo wa magharibi ni hifadhi ya mkondo wa Pemba, na kuna ada yake, muulizeni nahodha kama imo katika bei yake. Kabla hamjapanda, hesabuni majaketi ya kuokolea, na muone lipo linalomtosha mtoto wa miaka 8, siyo la mtu mzima alilofungwa kwa kamba. Likikosekana, msipande, hata kama bahari imelala. Na magamba ya kauri na kome yaacheni yalipo, na vitu vya gamba la ng'amba, yule kasa, msinunue kwa mtu yeyote.

Kuhusu malazi: nyumba za wageni kwenye rasi ni chache, kwa hiyo pigeni simu mapema na semeni wazi kwamba mko watano. Nashauri usiku mbili Kigomasha na usiku wa mwisho Wete. Mkikosa nafasi mnaweza kulala Konde au Wete na kwenda kila siku, lakini mtapoteza macheo na usiku wa msituni. Fedha taslimu zitoeni Wete au Chake Chake. Huku juu mtalipa langoni, kwa nahodha, kwa mlinzi wa mnara, na si kila mmoja atapokea kwa simu. Bebeni vitambulisho vyenu vya taifa, ada za wenyeji si sawa na za wageni wa nje. Vumawimbi hakuna duka wala maji ya kunywa, chukueni kila kitu, na taka zenu zirudi nanyi. Chakula waagizeni mapema hapo mnapolala, asubuhi mseme mtakula nini jioni, maana samaki anatafutwa akiwa bado baharini. Ombeni pweza wa nazi na shelisheli la kuchoma. Nguo, najua hamna haja ya kufundishwa, ila wasichana wenu wakitaka kuogelea waendee kipande cha pwani kilicho mbali na diko la wavuvi, na wote wawe na kanga ya kujitanda wakipita kijijini.

Siku zenyewe ningezipanga hivi, mkigeuza kulingana na maji. Siku ya kwanza ondokeni Wete baada ya sala ya alfajiri, Tumbe na Haruni asubuhi, kisha lango la Ngezi kupanga matembezi ya usiku, mkafikie Verani mchana mkale na kulala, jioni mkaogelee kama maji yanaruhusu, na usiku mrudi msituni. Siku ya pili watoto wasiamshwe mapema, mwamba au boti kwa mujibu wa mwezi, mnara saa kumi, jua lizame mkiwa Verani. Siku ya tatu alfajiri Vumawimbi, kisha Ngezi asubuhi ile ile wakati ndege bado wanalia, na kurudi Wete taratibu. Kama watoto wamechoka, acheni mnara, siyo msitu.

Limebaki la mama mkwe. Msimwache Wete na wanawake wa jikoni kwa kudhani mnampumzisha, muulizeni mwenyewe. Barabara ya gari inapita katikati ya Ngezi, kwa hiyo mkimwomba dereva aende polepole asubuhi na kuzima injini mara mbili tatu kivulini, ataisikia sauti ya msitu na kuwaona ninga bila kupanda mlima wala kuruka mzizi. Walinzi wa langoni wanaijua sehemu fupi ya njia iliyo tambarare, mwambieni mlinzi kuhusu magoti yake na muombe fimbo. Verani akodishiwe kiti chini ya mti tangu saa tisa. Wazee wa Makangale hupita hapo wakitoka pwani, na bibi wa miaka 70 aliyekaa peke yake hawezi kumaliza robo saa bila kuulizwa ametoka wapi na ni mtu wa nani. Vumawimbi gari linafika karibu na mchanga, lakini kipande cha mwisho ni laini na kinamezea mguu, hivyo mume wako amshike mkono upande wa goti linalouma zaidi, na jamvi litandikwe hapo hapo mwanzoni badala ya kwenda naye hadi ukingo wa maji.